Boti ya Tyubu za Mkokoteni

Nikipita kwa mafundi pancha pale Bariadi, harufu ya solusheni na mpira uliochomwa na jua hunirudishia kaka Maduhu.

Alikuwa mtoto wa baba mkubwa, msomi wa chuo Dar, amekuja likizo kijijini kwetu, mbele ya Mwandoya. Kwenye simu alikuwa ameona Wazungu wakishuka mto wenye povu kwa boti ya mpira, naye akapanga kushuka hivyo hivyo hadi ziwani. Mto wetu, niwaambie, miezi mingi ni mchanga mtupu. Ng'ombe hulala humo. Hilo halikumsumbua. Kila asubuhi alikaa kivulini, helmeti ya bodaboda kichwani, akichora maporomoko ambayo hayakuwepo, sisi tukipalilia pamba. Nilikuwa darasa la tatu, na nilimdharau kuliko mbuzi wetu aliyekula kamba yake mwenyewe.

Boti ilihitaji tyubu, na tyubu nyumbani zilikuwa za mkokoteni. Mkokoteni huo ndio ulioleta maji ya kunywa kutoka kisima cha pampu, mbali kweli.

"Sasa maji yatakuja na nini?" mama aliuliza. Niliporudi kutoka shule kesho yake, tyubu zilikuwa zimefungwa kwenye fito, na boti imelazwa katikati ya mchanga kungoja mto.

"Itasombwa hiyo," mama alimwambia.

"Kwanza mvua inyeshe, mama mdogo. Hata wingu hakuna."

Msomi mzima, hakujua kwamba mvua hunyesha huko juu, maji yakatufikia jua linawaka. Yalikuja mchana, yakinguruma, rangi ya chai ya maziwa. Boti ikaondoka. Nahodha alikuwa ukingoni, helmeti kichwani, tonge mkononi.

Mama akabeba ndoo kichwani mpaka pamba ilipouzwa, tyubu mpya zikanunuliwa. Jioni ya kwanza baba alimsema Maduhu vibaya, mjinga, msomi wa bure, nasi watoto tukacheka. Mama akatua ndoo.

"Spana ya kufungulia magurudumu ilikuwa ya nani?" aliuliza taratibu.

Nilidhani anaitafuta. Nikakimbia kuitoa chini ya kitanda cha baba, nikamkabidhi baba mwenyewe. Hakuipokea. Nikabaki nimeishika, najiona mtoto msikivu, nikishangaa mbona hakuna anayecheka tena.

Nilikuja kuelewa ukubwani. Maduhu hakujua hata kufungua nati. Magurudumu yale aliyafungua baba, na mimi dharau yangu yote nilikuwa nimeimalizia kwa mgeni.