Maji ya Magoti

Baada ya mafuriko ya El Nino, niliketi kwenye kompyuta ya ofisi pale Garsen, nikitaka programu ya takwimu inionyeshe mpunga wetu unavyoongezeka kulingana na kina cha maji shambani. Vipimo vilitoka nyumbani, Golbanti: maji ya magoti, maji ya kiuno. Nukta zikatawanyika ovyo kwenye kioo, nikailaani mashine. Kumbe miaka mingine alipima mama, mingine mjomba, na mjomba ni mrefu kama mnazi. Nikaenda kuwapima miguu. Nilipogeuza magoti na viuno vyao kuwa sentimita, nukta zikajipanga na mstari ukapanda vizuri.

"Mwaka huu yamefika wapi?" nikamuuliza mama alipopita ofisini.

"Magotini. Yangu, si ya mjomba wako."

Nikaufuata mstari kwa kidole hadi kwenye mavuno ya kina hicho. Tungekula wali mpaka mvua nyingine.