Kuonja Kabla ya Mgeni

Mimi ndiye wa kwanza kurudi kijijini kwetu Kashozi na stashahada ya Kifaransa, na sijasikia kama kuna mwingine aliyefuata. Nalisema mapema nilimalize, maana kwa miaka mingi nilikuwa siwezi kukaa na watu nusu saa bila kulisema. Baba yangu alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa kama baba za wenzangu wote. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala padre aliyeniombea nafasi. Lugha hiyo nilianza kujifunza peke yangu kwa kitabu kisicho na jalada, nikafanya mtihani, nikashinda, nikakaa Ufaransa miaka miwili, nikarudi na karatasi yenye muhuri mwekundu. Niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi ya wazazi wangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Nilipangiwa kufundisha sekondari mjini Bukoba, lakini shule haikuwa na somo la Kifaransa, wakanipa jiografia. Sikukubali elimu yangu ioze. Nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa tawi la chama kuanzisha semina ndogo za Jumamosi: watu sita tu kila kundi, wazungumze Kifaransa kwa kujifunza jinsi Wafaransa wanavyoishi. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ndugu mwalimu, Kifaransa kitalima shamba gani la ujamaa?"

Nikamweleza kwamba Rwanda, Burundi na Zaire wako hapo tu na wote wanakitumia maofisini. Akafikiri.

"Basi wafundishe," akasema. "Ila usiwafundishe kutudharau."

Nilicheka. Nilimwona mtu asiyesafiri.

Jumamosi moja tulikutana Miembeni, hapo mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la familia ya Kihindi, na Jumamosi iliyofuata nilipanda basi asubuhi kwenda Muleba, ambako parokia ilituazima darasa. Kila semina ilikuwa na jambo moja. Leo tunabisha hodi kwa jirani, siku nyingine tunanunua mkate, tunaandika barua ya rambirambi, tunamtembelea mgonjwa. Kwa saa mbili Kiswahili na Kihaya vilibaki nje ya mlango. Mbinu hiyo niliibuni mwenyewe, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri. Karani mmoja wa kahawa, aliyeanza bila neno hata moja, baada ya miezi minane alikuwa anaweza kugombana na mtu kwa Kifaransa na kushinda.

Katika kundi la Muleba, pamoja na karani huyo, alikuwamo mama mmoja mkunga, wa hospitali ya misheni. Alikuwa amevuka miaka arobaini na kunizidi mimi kwa kumi hivi. Kifaransa alikiokota kwa masista aliofanya nao kazi, na kingine kwa wagonjwa waliokimbilia kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka. Hakuwa na sarufi nzuri, lakini alikuwa haogopi kusema. Wenzake walipokwama walimtazama yeye kabla ya kunitazama mimi, na hilo nililiona.

Shirika la wale masista lilikuwa tayari kumpeleka mkunga mmoja Ufaransa kwa mwaka mzima, ajifunze kuwafundisha wengine. Yeye alikuwa amependekezwa, pamoja na mwenzake wa jimbo jingine. Kilichobaki ni barua ya mwalimu wa Kifaransa kuthibitisha kwamba ataweza kuishi na kusoma kule. Mwalimu wa Kifaransa katika eneo lote lile nilikuwa mimi. Aliniambia jambo hilo mara moja tu, tukikunja viti baada ya semina.

"Wanawake wanatufia njiani, mwalimu. Wanabebwa kwenye machela kutoka mbali, wakifika tumechelewa. Nikisoma, nitafundisha wakunga wa huko huko vijijini." Kisha akachukua mfuko wake akaenda zamu.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Katika miaka miwili ya Ufaransa sikukaa hata siku moja kwenye meza ya familia ya Kifaransa. Niliishi bweni, nikala kantini na wanafunzi wa mataifa mengine. Jumapili mji ulifunga milango, nami nilizunguka barabarani nikitazama mapazia. Mara moja mwalimu wangu aliniita kwake nichukue kitabu. Nilisimama ukumbini na koti langu nikisikia vijiko na vicheko upande wa pili wa mlango, mkewe akaniletea kitabu, nikashukuru, nikaondoka. Niliporudi nyumbani watu waliniuliza Wafaransa wanakula vipi. Nikawaeleza. Nilieleza vizuri sana.

Ikaja semina ya mezani. Darasani tuliunganisha madawati, tukatandika shuka, tukaazima glasi sita za parokia. Divai hatukuwa nayo, nikatia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye chupa ya divai iliyokuwa tupu. Mkunga nilimpa nafasi ya mama mwenye nyumba. Aliwakaribisha wageni, akawaketisha, akawauliza habari za safari, yote kwa Kifaransa kinachopita kama maji. Halafu akachukua chupa, akajimiminia kidogo, akaonja, ndipo akaanza kuwamiminia wageni.

Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua tendo hilo. Mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji kabla ya kukionja mwenyewe, ili mgeni aone kwamba ndani hamna ubaya. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu vile vile. Nikapiga meza kwa kiganja.

Nikamwambia, tena kwa Kiswahili ili wote waelewe vizuri, kwamba hapo si kwenye kibanja cha babu yake. Wafaransa hawalishani sumu. Kwao mgeni hutangulia, na mwenye nyumba kutia mdomo kwanza ni ushamba. Nikamrudisha mlangoni aanze upya. Mara ya pili mkono wake ulikwenda tena kwenye glasi yake kwa mazoea, nikamrudisha tena. Wenzake walianza kucheka, na karani wa kahawa akasema kwa Kihaya kwamba mama anaogopa kutulewesha bure. Mara ya tatu aliwamiminia wageni kwanza, kama nilivyotaka.

Alipoketi alisema polepole, "Lakini mwalimu, siku ya sikukuu ya masista, sista mkuu alijimiminia yeye kwanza. Nilikuwapo."

"Ulikuwapo jikoni," nikamjibu.

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka, wala hakununa. Alikunja shuka vizuri, pembe kwa pembe.

Baada ya majuma mawili tulifanya chakula cha kufunga mwaka wa semina. Nilimwalika padre mzee Mfaransa aliyestaafu Kashozi, ili waone mtu wa lugha yenyewe na yeye aone kazi yangu. Alikuja na chupa ya divai halisi, zawadi kutoka kwa dada yake. Niliisifu hadharani. Nikamwomba atuhudumie kama mwenye nyumba, maana divai ilikuwa yake.

Mzee akafungua chupa, akatia kidogo katika glasi yake, akainusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainuka akawamiminia wote, akianza na mkunga.

Watu watano walinigeukia, hata karani. Mkunga peke yake alitazama glasi yake. Ulimi wangu ukawahi kabla yangu.

"Mnaona," nikasema kwa Kiswahili, "Padre ameishi nasi miaka mingi mpaka amekuwa Mhaya."

Wakacheka. Mzee, aliyekuwa hasikii vizuri, aliona watu wanacheka, akacheka nao akainua glasi. Nilikuwa nimeokoka.

Jumatatu mchana, kipindi cha mapumziko, niliketi kwenye ofisi ya walimu kuandika ile barua. Wakati huo nilikuwa najua kabisa nani alikuwa sahihi mezani. Nisingeweza kusema nilikosea kwa kutojua. Niliandika kwamba mwombaji ana bidii, ila bado anachanganya desturi za kwao na za wenyeji wake, na kwamba ingefaa asubiri. Niliiandika kwa Kifaransa safi, nikaisoma mara mbili kwa raha ya lugha yenyewe. Sababu ilikuwa moja. Akienda, ataketi kwenye zile meza nilizozisikia kutoka ukumbini, na siku atakayorudi atajua kila nilichobuni.

Aliyechukuliwa ni yule wa jimbo jingine. Mkunga aliendelea kuja Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka uliofuata, akisema Kifaransa chake bila woga, na kila nilipomsahihisha aliitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Mwaka wa tatu tangu nianze semina, mke wangu alikwenda kwao Muleba kujifungulia huko, na uchungu ukamjia mtoto akiwa amekaa vibaya. Walimfikisha hospitali asubuhi. Nilipofika kwa basi la saa nane nilimkuta mama mzima, mtoto wa kike mzima, na mkunga yuko kwenye ndoo ananawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alinipa hongera kwa Kifaransa.

Juma lililofuata nilikwenda nyumbani kwake kushukuru, na jogoo mkononi. Aliniketisha, akaleta rubisi na glasi mbili. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikaanza: "Mama, ile barua niliyowaandikia masista..."

"Naijua," akasema. "Sista mkuu alinisomea. Uliandika vizuri sana, mwalimu. Alisifu Kifaransa chako."

Nikamwambia nilidanganya. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa sahihi siku ile na mimi nilijua, na kwamba meza za Wafaransa sikuwahi kuzikalia. Nikasema naweza kuandika barua nyingine leo hii hii, nikaeleza yote.

"Masista hawamchukui mtu wa umri wangu tena, bojo," akasema, akitumia neno letu la upole kama anayembembeleza mgonjwa. "Na wale wa vijijini nimeanza kuwafundisha hivyo hivyo, kwa nilichonacho. Ila kuna akina mama niliowachelewa."

Akamimina kidogo kwenye glasi yake, akaonja, akaiweka chini. Kisha akaijaza yangu akanisogezea kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwalimu. Nimeshaonja."