Kamioneti ya Kusukuma

Ile asubuhi baba yako Paluku alipoingiza gari yetu ya kwanza ndani ya parseli, uani kwetu, bado naikumbuka, mwanangu. Tulikuwa tumetoka Butembo, tumepanga nyumba Shari, hapa Bunia, tukiuza maharagwe. Ilikuwa kamioneti kuukuu, iliyokuwa nyeupe zamani. Kipima kilomita kilikuwa kimekufa, na muuzaji alimwambia baba yako hiyo ni bahati, kwani sasa gari haitazeeka tena. Tulicheka sana. Gari mpya hatukuthubutu hata kuulizia bei, kama wewe leo.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulinionyesha picha ya ile gari kwenye simu, ukasema unaona haya kuinunua, imetembea mno, walimu wenzako watakucheka. Kaa kwanza. Chai bado iko moto.

Demareri yetu iliharibika mapema, na vita ilikuwa imefunga njia ambayo vipuri vilipitia. Bila demareri, gari haiwaki mpaka isukumwe. Mimi nilikuwa na mimba yako, basi kazi yangu ikawa kahawa. Waliosukuma kila asubuhi walikuwa majirani wawili: Ngabu, Mulendu aliyezaliwa Fataki, na Kisembo, Muhema. Walitaniana hadi moteri ishike, kisha wakaja mlangoni kwangu kunywa kahawa, mikono yao ikinuka mafuta. Ukungu ulikuwa haujaondoka bado. Wallahi, nyakati nyingine nazitamani zile asubuhi kuliko ujana wenyewe.

Kisha vita ya Walendu na Wahema ikaingia hata kati ya nyumba na nyumba. Kisembo alizika kaka yake. Kwa kina Ngabu, kijijini, walichomewa kila kitu. Hao wawili wakaacha kusalimiana. Lakini kila asubuhi walikuja, mmoja huku, mwingine kule, wakasukuma bila neno, wakaenda zao. Kahawa nikawa nampelekea kila mtu kwake.

Siku moja mchana risasi zililia karibu, na vijana wa Kihema wenye silaha wakaanza kutafuta Walendu nyumba kwa nyumba. Ngabu na mkewe waliruka ukuta wetu. Baba yako akawalaza nyuma ya kamioneti, akawafunika turubai, na mimi nikakaa hapo hapo na mabunda ya nguo, dada yako magotini. Tukawa tayari kukimbia, na gari haiwaki.

Kisembo akatokea langoni. Aliitazama turubai, akanitazama mimi. Nikajua ameelewa.

"Paluku, weka vitesi ya pili," akasema. Baba yako akaingiza gia.

Akasukuma peke yake, miguu ikiteleza kwenye vumbi. Moteri iliposhika, hakurudi kwake. Alikimbilia mlango, akaingia, akakaa mbele.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, walisimama vijana wa kabila la Kisembo.

"Zima moteri!" mmoja akapaza sauti.

"Nikizima, ni nyinyi mutasukuma," baba yako akajibu.

Yule kijana alikuja nyuma, akashika pembe ya turubai. Kisembo akatoa kichwa dirishani. "Weye mutoto, utapekua mama iko na mimba? Mama yako ananijua. Fungua, tupite."

Kijana akaona haya. Akaachilia turubai, akafungua barieri.

Mbele, tulipofika mahali pasipo mtu, Kisembo akashuka. Ngabu akafunua turubai.

"Utarudi na nini?"

"Na miguu."

Wakashikana mikono, na hakuna aliyetaka kuachilia. Baba yako alingoja, moteri ikinguruma.

Baadaye mtu alimchongea Kisembo kwa wale vijana. Walimpiga, na mkono wake mmoja haukunyooka tena. Wewe ulizaliwa Beni, na huko ndiko kamioneti ilikofia. Tuliiuza vipande vipande. Ngabu alibaki kule hadi leo. Vita ilipopoa tulirudi Shari juu ya lori, na Kisembo ndiye aliyekutoa mgongoni kwangu, kwa ule mkono wake mzima.

Basi nunua hiyo gari. Lakini nenda asubuhi, uisikilize ikiwa baridi, kabla mwenyewe hajaipasha moto. Lala chini utazame chuma kama kimeliwa na kutu. Peleka fundi wako, usikubali wa kwake. Usimalize pesa yote kwenye kununua, maana gari ya umri huo hudai kutunzwa kama mzee. Wakikucheka, cheka nao. Na majirani wa pande zote uwasalimie, hata uliyekosana naye, hata siku ambazo gari imewaka yenyewe. Jirani akikuletea mgonjwa, usimpimie petroli.

Mungu akufikishe kila uendako na akurudishe nyumbani. Na watoto utakaowapakia nyuma, wawe wanakwenda shule tu, wakiimba, wasikimbie kitu chochote.