Mlima Niliopanda na Mkwe na Kuku

Mwaka ule tulikula ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada, mpaka tukanya njano. Ndiyo mwaka binti yangu alizaa mtoto wake wa kwanza, kule juu mlimani kwa mumewe.

Mkwe wangu alikuja kwangu Majengo mwenyewe kuleta habari. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawagusani, na maneno yao lazima yapitie kwenye kitu kingine. Basi akasimama nyuma ya ua akakiambia kinu changu kwamba mtoto ni wa kiume, na kwamba mama yake yeye ameshapanda lori la mbao, linazunguka mlima.

Nikaelewa. Bibi atakayefika kwanza ndiye atakayemwogesha mtoto. Yule mwanamke anaogesha mtoto kama anasugua sufuria. Mjukuu wangu wa kwanza? Nikamfunga mgongoni kuku wa supu ya mzazi, nikakiambia kinu kwamba tunapanda mlima.

Mkwe alitangulia, kanipa mgongo, kamba ya ng'ombe begani. "Kuku, mwambie mama aweke mguu wa kushoto kwenye mzizi." Kuku hakusema kitu, ila mimi niliuweka.

Tukafika mahali jiwe limesimama kama ukuta. Nililala juu yake kwa tumbo, mbele sipandi, nyuma sishuki. Mkwe akamwomba kuku ruhusa ashuke anishike mkono.

Nikamjibu kuku kwa sauti: "Mkwe wangu hanishiki, hata nikiota ukoka hapa hapa."

Kuku akachoropoka kwenye kitenge, akaruka mpaka juu, akatuacha. Sasa tutaongeaje? Mkwe akakohoa. Na mimi nikakohoa. Jua likatuchoma hivyo hivyo kwa muda mrefu, na lori nalisikia kwa mbali linanguruma. Mwishowe akavua katambuga yake moja ya tairi, akaiweka ukingoni, akaiambia ile kamba ya ng'ombe inashuka, mama ajifunge kiunoni.

Nikajifunga. Akavuta huku kanigeuzia mgongo, anapiga mluzi ule wa kuhimiza maksai, na mimi nikatoka kwenye lile jiwe kama ndama anayezaliwa. Gauni likachanika nyuma lote. Mkwe, mtoto wa watu, aliangalia mawingu tu. Kuku nilimkuta juu anadonoa, nikamfunga tena.

Nilimwogesha mjukuu wangu kwa mikono hii. Lori lilifika kesho yake, bibi mwenzangu akakuta mtoto ananukia sabuni.

Siku ya kurudi binti yangu akasema nisijitese, mumewe atanibeba mgongoni mpaka chini, atafumba macho. Mumewe alikuwa nje, anasubiri. Nikamtafuta kuku, nikakumbuka tulishamla. Basi nikaichukua ile katambuga mlangoni, nikaiambia:

"Mkwe wangu hanishiki, hata nikiota ukoka hapa hapa."