Asali ya Dobi

Ukitaka kumjua mtawala, achana na hotuba zake, mfulie chupi. Dobi alimfulia Bwana Fimbo, mkuu wa polisi wa serikali ya wageni, akagundua kwamba ubwana wake wote ulikuwa wanga na pasi. Kilichobaki ni kijasho kama cha sisi wengine.

Siri hiyo Dobi angekufa nayo, lakini Bwana Fimbo akamgusa mdogo wake. Kijana alikuwa askari. Gwarideni nzi alimtua puani, naye akamfukuza kwa mkono. Akalazwa chini, akala viboko mbele ya mji mzima.

"Hatikisiki mtu mpaka bendera ifike juu!" Bwana Fimbo alifoka. "Hata nyumba zenu ziungue!"

Dobi alimkanda ndugu yake mgongo. Gwaride kubwa lilipokaribia, akachemsha wanga wa shati jeupe la Bwana Fimbo, akamiminia asali.

Mkewe akachungulia sufuria. "Baba watoto, unafua au unapika uji?"

"Namtengenezea bwana kitafunwa."

"Watakunyonga!"

"Bora kamba shingoni kuliko shubiri moyoni."

Mama watoto akatazama mlango, akashusha sauti. "Basi acha ubahili. Tia na ya kwapani."

Siku ya gwaride jua liliwaka kama limehongwa. Bwana Fimbo alisimama jukwaani, mkono kwenye paji la uso, bendera ikianza kupanda. Jasho likalowesha kola, asali ikayeyuka. Nzi wa kwanza akaja kupeleleza, akaenda kuita ukoo. Nyuki wakafuata bila mwaliko. Bwana Fimbo akakunja uso, akakunja shingo, kisha akaruka, kofia huku, heshima kule.

"Katikisika!" mwuza mkaa akapaza sauti. "Viboko!"

Mji uliozoea kuchekea chini ya shuka ukaangua kicheko mchana kweupe.

"Kamateni wote wanaocheka!"

Safu nzima ya askari ikaganda. Mdogo wake Dobi, mgongo bado unamuuma, alitazama mbele.

"Bendera haijafika juu, bwana mkubwa."

Kweli, ilikuwa nusu mlingoti. Na askari mwenye kamba hakuwa na haraka yoyote.

Watu wakaanza kulisogelea jukwaa. Dobi alikuwa mbele yao, kanyoosha mikono kwa adabu zote.

"Shati limechafuka, bwana. Livue nikufulie."

"Vua!" mji ukaitikia. "Vua!"