Mstari Mwekundu Ubavuni mwa Masanduku

Kwa miaka ishirini na mbili mtunza ghala huyu ametunza mwanga wa jeshi. Kazini wanamwita Bwana Tarehe, kwa sababu hapitishi kitu kabla ya kusoma tarehe yake, hata dawa ya meno ya mkewe. Ghala lake lina mabomu ya mwanga, yale yanayorushwa juu ili kumulika uwanja. Likifika angani, bomu hutoa mwavuli mdogo, na unga wake huwaka ukining'inia taratibu. Mwavuli ukigandamana kwa unyevu, moto wote hushuka juu ya vichwa vya walio chini.

Mwaka huu paa lilivuja. Masanduku arobaini na moja yakalowa. Aliandika namba za mabomu yaliyomo daftarini, na kila sanduku akalipiga mstari mwekundu ubavuni, kwamba lisitumike, lisubiri kuteketezwa. Aliandika barua mbili yaondolewe. Hakujibiwa, yakabaki palepale kati ya mengine mia tatu.

Kisha akaenda likizo ya wiki moja kumuuguza mama mkwe. Aliporudi, ghala lilinuka rangi. Masanduku yote yalikuwa ya kijani, yanameremeta. Mpaka rangi alikuwa mdogo wa mkewe.

"Shemeji, pamependeza kuliko harusi yako."

"Mistari myekundu iko wapi?"

"Niliambiwa paka, nikapaka."

"Hukuiona?"

"Niliiona. Nikadhani ulikuwa unajaribu brashi."

Mkuu wa ghala ndiye aliyeagiza, maana Ijumaa wangekuja wageni wakubwa. Na Alhamisi kulikuwa na mazoezi yaliyohitaji masanduku sitini.

"Saini hapa yatoke," mkuu alisema.

"Afande, mabovu na mazima sasa yanafanana."

"Chukua ya mbele."

"Yote yamehamishwa wakati wa kupaka."

"Wewe unapenda kukuza mambo. Watakaorusha ni wao, wewe unasaini tu."

"Hao wao wana mama zao, afande."

Hakusaini. Wapo watu ambao ghala likionekana zima huwatosha, na ndio hao hupandishwa vyeo. Njia pekee ilikuwa kufungua kila sanduku na kusoma namba iliyogongwa kwenye bomu lenyewe. Aliomba watu wa kumsaidia, akaambiwa wote wanapanga viti vya wageni. Basi akamshika shemeji yake mkono.

Jumatatu hadi Jumatano walifungua, wakasoma, wakafunga.

"Dada aliniambia utanitafutia kazi," shemeji alilalamika. "Hakusema ni kifungo."

"Soma namba."

Jumatano mchana walikuwa wamepata arobaini. La mwisho halikuonekana. Bwana Tarehe akatazama nje. Lori lilikuwa mlangoni, na masanduku kumi yalikuwa yamepakiwa bila saini yake.

Akasimama mbele ya lori.

"Mzee, nitachelewa," dereva alisema.

"Chelewa."

Alipanda, akafungua moja baada ya jingine. Namba aliyoitafuta ilikuwa katika sanduku la saba. Alilishusha mwenyewe, kisha akasaini masanduku sitini aliyoyajua.

Safari hii hakutumia rangi. Alichukua patasi, akachonga mfereji ubavuni mwa kila sanduku bovu. Mkuu alipouona, uso ulimbadilika.

"Umeharibu rangi mpya, wageni wanakuja kesho kutwa!"

"Ndiyo, afande."

Mazoezi yalikwisha bila mtu kuungua. Wageni walisifu usafi wa ghala, mkuu akapokea pongezi. Bwana Tarehe alipokea barua iliyokuja upesi kuliko majibu yote aliyowahi kuyasubiri, ingawa hii hakuiomba: uhamisho kwenda ghala la viatu. Paa bado linavuja.

Siku ya makabidhiano, mtunza ghala mpya, binti aliyetoka chuoni juzi, aliuliza mabovu ni yapi, maana mfereji ulikuwa umeshapakwa kijani. Bwana Tarehe aliushika mkono wake, akaupitisha ubavuni mwa sanduku mpaka kidole kikazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi usisaini kwa macho."