Mguu wa Fundi na Kiboksi cha Mwangwi

Kwa miaka mingi bendi yao ilikuwa na magita mawili: gita la fundi cherehani likiuliza, la kaka yake likijibu. Huyo kaka walimbandika jina la Chelewa, maana jibu lake lilikuja nyuma kidogo ya mdundo, na watu walimpendea hilohilo. Vidole vyake vilipokakamaa hata kubana nyuzi vikashindwa, wenzao wakaanza kunong'ona habari za kijana fulani wa kukalia kiti chake. Fundi akawakata kauli. Hakai mtu pale. Angenunua kiboksi cha mwangwi, kile cha kukanyaga kwa mguu, kiwe kinarudia sauti ya gita lake.

Kilichomtatiza ni namna ya kumwambia kaka. Alishona kola nzima akimeza maneno, mpaka Chelewa, aliyekuwa amejikalia juu ya robota la vitambaa, akamrahisishia.

"Kama unaninunulia mrithi, mdogo wangu, basi nami nikamwone."

Kwenye duka la vyombo vya muziki, mama mwenye duka akawachomekea kiboksi cha kwanza. Fundi akapiga, sauti ikarudi kali, safi, ileile.

"Kasuku huyo," Chelewa akasema. "Anarudisha neno hata hajalisikiliza."

Cha pili kilikuwa kizito, rangi imebanduka pembeni. Sauti yake ilirudi imefifia, kama mtu anayeitika kutoka chumba cha pili. Chelewa akainamisha kichwa. Fundi akamwangalia kwa jicho la pembeni.

"Huyu ana adabu," kaka akasema mwishowe. "Mama, hebu mcheleweshe kidogo." Mama akazungusha kitufe. "Hapo hapo."

Wakacheka wote watatu, na fundi akapumua. Akakiweka kiboksi sakafuni, akakikanyaga, akaanza wimbo.

Hapo ndipo mambo yakaenda mrama. Mwangwi ukaja, ukakatika, ukaja, ukakatika. Mama akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Wapi. Akachungulia chini ya kaunta, kisha akajishika kiuno.

"Fundi, unashona nini huko?"

Mguu wa fundi ulikuwa ukipanda na kushuka, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama uko kwenye cherehani, na kila ukishuka unakiwasha kiboksi au unakizima. Akajaribu kuutuliza. Ulitulia kidogo tu. Wimbo ulipomkolea, ukarudi kushona.

"Nikiuzuia mguu, mkono nao unagoma," akasema kwa haya, akiuvua mkanda wa gita begani. "Tuondoke, kaka. Labda huyo kijana wao aje tu."

Chelewa hakujibu upesi, lini aliwahi? Alikiokota kiboksi, akakipakata mapajani, akaweka kiganja chake kigumu juu ya swichi.

"Piga."

Fundi akapiga, mguu ukishona hewa. Swali lilipokaribia mwisho, kiganja kikabonyeza, jibu likatoka nyuma kidogo ya mdundo, palepale lilipozoea kukaa. Kikabonyeza tena, likanyamaza. Fundi akasahau kwamba yuko dukani, akaumaliza wimbo wote.

"Nimfungie nani kati yenu?" mama akauliza.

"Mfungie kaka," fundi akasema. "Nitawaambia wale wa bendi kwamba kiti kina mwenyewe."

"Waambie pia wakipigilie misumari," Chelewa akasema. "Kinayumba tangu zamani, nilikuwa naona aibu kusema."